Mrushaji wa timu 14: wanayodhani watu na yaliyotokea

Edwin Jackson alizaliwa Neu-Ulm, Ujerumani Magharibi, mwaka 1983, baba yake akiwa mwanajeshi wa Marekani. Alipotangaza kustaafu mwaka 2022 alikuwa ameshachezea timu 14 za ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Hakuna aliyewahi kuchezea nyingi kuliko hizo. Rich Hill, mrushaji kama yeye (yaani anayemrushia mpigaji wa timu pinzani mpira), ndiye aliyemfikia mwaka 2025.

Mtu akisikia hesabu hiyo hukimbilia methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naipenda methali hiyo, lakini kwa Jackson haikai.

Kwanza wanasema mchezaji wa namna hii hatulii. Sisi tuliolelewa na soka tunajua kuwa mchezaji hahami mpaka naye akubaliane na klabu mpya. Kwenye besiboli ya Marekani timu mbili zinaweza kukubadilisha bila kukuuliza, ukapigiwa simu na kesho uko mji mwingine. Haki ya kukataa huipati mpaka utimize miaka 10 ligi kuu, na mitano ya mwisho iwe kwenye timu hiyohiyo, labda kama uliweka kipengele chako mapema kwenye mkataba. Tarehe 27 Julai 2011 Jackson aliamka akiwa wa Chicago White Sox. Siku hiyo akapelekwa Toronto Blue Jays, na siku hiyohiyo, kabla hajawarushia hata mpira mmoja, Toronto wakampeleka St. Louis Cardinals. Oktoba Cardinals wakatwaa ubingwa, naye akiwemo.

Pili wanasema huachwa kwa sababu hafai. Mwaka 2009 akiwa Detroit Tigers aliteuliwa kwenye mechi ya nyota wa ligi, na Desemba ya mwaka huohuo Detroit wakamtoa. Katika mabadilishano hayo ya timu tatu, miongoni mwa waliokuja Detroit alikuwa kijana Max Scherzer, ambaye baadaye akawa mmoja wa warushaji wakubwa wa kizazi chake. Mchezaji asiyefaa hapati wa kumbadilisha naye.

Dhana ninayotaka kukaa nayo ni ya tatu: kwamba mechi ambayo wapinzani hawapati hata pigo moja halali hutoka kwenye mkono usiokosea. Tarehe 25 Juni 2010, akiwa na Arizona Diamondbacks, Jackson aliifanya kazi hiyo dhidi ya Tampa Bay Rays, timu aliyokuwa ameichezea miaka michache nyuma. Mrushaji akipeleka mipira minne nje ya eneo linalotakiwa, mpigaji hutembea bure hadi besi ya kwanza. Jackson alitembeza wapigaji wanane, na saba kati yao walikuwa ndani ya raundi tatu za mwanzo. Raundi ya tatu aliwatembeza watatu mfululizo, besi zote zikajaa na hakuna aliyetolewa. Pigo moja tu la kawaida hapo lingeharibu kila kitu. Akatoka salama, hakuna aliyefika nyumbani, yaani besi ya mwisho inayohesabiwa pointi. Mbele yake zilikuwa bado raundi sita, na mkono ulikuwa umeshatumika vibaya. Makocha wengi huanza kumtazama mrushaji kwa wasiwasi akikaribia mipira 100. Jackson alirusha 149. Mechi ikaisha 1–0. Nikiulizwa uhodari wa mtu huyu uko wapi, nitaonyesha raundi ile ya tatu.

Mechi hiyohiyo inajibu wanaomhukumu kwa hesabu yake ya maisha, ushindi 107 na kushindwa 133. Timu yake ilipata pointi moja tu. Mrushaji anaweza kuruhusu moja, wenzake wakakosa kabisa, na jina linaloandikwa kwenye kushindwa likawa lake.

Kuhusu fedha, kuna makosa mawili yanayopingana. Wapo wanaodhani kila mcheza besiboli ni tajiri, wakati mpaka mwaka 2022 kima cha chini kwenye ngazi ya juu kabisa ya ligi ndogo, zile zilizo chini ya ligi kuu, kilikuwa dola 17,500 kwa mwaka. Wapo pia wanaodhani ukiachwa fedha imekatika. Chicago Cubs walimpa Jackson mkataba wa miaka minne wa dola milioni 52 mwaka 2013. Wakamwacha katikati ya 2015, lakini waliendelea kumlipa, kwa kuwa mikataba ya ligi kuu hulindwa. Timu iliyomchukua baada ya hapo ilidaiwa kiwango cha chini tu cha ligi. Hapo ndipo mchezaji mzoefu anapokuwa rahisi kuchukuliwa, na jezi zinaongezeka.

Mwaka 2018, akielekea miaka 35, aliingia timu ya Oakland Athletics kwa mkataba wa ligi ndogo. Walipompandisha ligi kuu alishinda mechi 6 na kupoteza 3, na Oakland wakafika hatua ya mtoano. Mwaka uliofuata mambo yalimwendea vibaya, sitaficha. Lakini Mei 2019, Oakland wakiwa wamemweka tena ligi ndogo, timu moja ilitoa fedha kumchukua, nayo ikawa ya 14. Ilikuwa Toronto, ileile iliyokuwa naye kwa saa chache mwaka 2011. Safari hii walimpa jezi, akapanda kilimani, pale anaposimama mrushaji, kurusha.