Kushirikisha kufuli kati ya michakato: maana yake na panapoharibika

Chukua ghala la korosho Masasi, msimu umepamba moto. Kompyuta ni moja, mizani ni mbili, na kila mizani ina programu yake inayoongeza uzito kwenye jumla ileile. Jumla ni kilo 4,000. Programu ya kwanza inaisoma ili iongeze gunia la kilo 80. Kabla haijaandika, ya pili nayo inasoma 4,000 iongeze kilo 78. Ya kwanza inaandika 4,080, ya pili inaandika 4,078 juu yake. Ilitakiwa 4,158. Gunia zima la mkulima limepotea.

Dawa ni kufuli: anayetaka kugusa jumla alifunge, akimaliza alifungue. Tatizo ni kwamba kila programu inayoendeshwa ni mchakato wenye kumbukumbu yake peke yake. Ukitangaza kufuli kama kigeu (jina la kuhifadhia thamani) cha kawaida katika programu zote mbili, umepata makufuli mawili yasiyojuana. Kushirikisha ni kuifanya michakato yote ifikie kufuli lilelile.

Njia nyepesi ni jina. Kwenye Linux, `sem_open("/jumla", O_CREAT, 0600, 1)` hutoa semafora, yaani kihesabio cha wangapi bado wanaruhusiwa kupita. Hiyo 1 ya mwisho ndiyo inayoruhusu mmoja tu apite. Ukianza na 0, wote watakwama mlangoni. Kwenye Windows ni `CreateMutex` yenye jina. Programu moja ikiendeshwa kama huduma (inayojiendesha nyuma ya pazia) na nyingine na karani aliyeingia, jina lianze na `Global\`, la sivyo kila upande utapata kufuli lake.

Njia ya pili, kwenye Linux, ni kuliweka kufuli lenyewe (mutex ya pthread) ndani ya kumbukumbu ya pamoja, ambayo michakato yote huifikia: `shm_open`, `ftruncate`, kisha `mmap` yenye `MAP_SHARED`. Kabla ya kulianzisha, liwekee `PTHREAD_PROCESS_SHARED`, sifa ya kwamba ni la michakato mingi. Wengi husahau hapa, na ubaya wake ni kwamba laweza kuonekana zima kwenye majaribio. Lianzishwe mara moja tu, na mchakato mmoja.

Panapouma hasa ni mchakato kufa ukiwa umelishika. Semafora haikumbuki nani aliichukua: inabaki 0, mizani ya pili inaganda, na foleni ya magunia inasimama. Hata ukiwasha upya programu zote mbili, jina bado lipo na 0 yake, mpaka ulifute kwa `sem_unlink` au kompyuta izimwe na kuwashwa.

Kwa kazi ya ghala, basi, bora kufuli la njia ya pili, likiwa na `PTHREAD_MUTEX_ROBUST`, sifa ya kugundua kwamba aliyelishika amekufa. Anayefuata hupokea `EOWNERDEAD`: kufuli amelipata, ila aliyemtangulia amekufa nalo. Akokotoe jumla upya kutoka orodha ya magunia yaliyopimwa, aite `pthread_mutex_consistent` kutangaza kwamba mambo yako sawa tena, ndipo afungue. Akifungua bila kuiita, kufuli hilo halitumiki tena. Windows husema hivyohivyo kwa `WAIT_ABANDONED`, na huko pia jumla iliyoachwa njiani ni lazima ihakikiwe kabla ya gunia linalofuata kupanda mizani.