Imesakinishwa, lakini kwenye menyu haipo

Tangu mwaka jana nimekuwa nikiandika, hapa Uyole, Mbeya, kisakinishi kidogo cha kutumia kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), kinachoweka programu za mezani kwenye kompyuta za Linux bila kudai nywila ya msimamizi. Hupakua faili, huihakiki kwa SHA-256 (alama ya kipekee inayoonyesha kama faili imebadilika), huiweka katika ~/.local/bin (alama ya ~ ni folda ya mtumiaji), kisha huandika faili ya .desktop katika ~/.local/share/applications ili jina na ikoni vionekane kwenye menyu. Kwenye kompyuta yangu hakikuwahi kugoma.

Nilikipeleka kwenye steshenari moja ya Mwanjelwa, ambako Ubuntu, toleo mojawapo la Linux, ilikuwa imetoka kuwekwa upya. Kisakinishi kikamaliza kazi bila kulalamika, lakini dada wa pale akaikagua menyu mara mbili na kuniuliza, "Kaka, mbona siioni?" Faili ya .desktop ilikuwepo, na hata desktop-file-validate, amri ya kukagua faili hizo, haikuona kosa. Nilipotoka kwenye akaunti na kuingia tena, ikoni ikajitokeza, jambo lililonisumbua kuliko kama isingetokea kabisa.

Chanzo chake ni hiki: katika Ubuntu, faili ya ~/.profile huiongeza ~/.local/bin kwenye PATH (orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta programu) pale tu inapoikuta folda hiyo wakati mtumiaji anaingia. Kwangu folda hiyo ina miaka. Pale steshenari iliundwa na kisakinishi chenyewe, dakika hiyo hiyo. Kwa kuwa kwenye mstari wa Exec wa faili ya .desktop, unaotaja programu ya kuendeshwa, nilikuwa nimeandika jina tupu la programu, GNOME, inayoonyesha menyu, iliitafuta katika PATH, ikaikosa, ikaificha. Sasa naandika njia kamili kuanzia /home, maana mstari huo haupiti kwenye sheli (programu inayosoma amri za terminali) na alama ya ~ haitafsiriwi.

Majaribio yangu ya awali yalibadilisha HOME tu (anwani ya folda ya mtumiaji) kwa folda ya muda, huku PATH ikirithiwa kutoka kwenye terminali yangu, kwa hiyo yasingeweza kulinasa kosa hili hata ningeyarudia mara mia. Siku hizi kila jaribio huanza na akaunti mpya kabisa ndani ya kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta halisi.

Humo humo ndimo ninamojaribia kukatika kwa umeme, ambako msimu wa mvua hatuhitaji kuelezwa. Wengi huiga tukio hilo kwa kill -9, lakini amri hiyo huua programu tu; data ambayo programu imekwisha kuikabidhi kwa kernel (kiini cha mfumo) hubaki salama mikononi mwake hata kama haijafika diskini. Mimi huizima kompyuta pepe ghafla katikati ya kazi. Ndivyo nilivyogundua kwamba kupakua katika /tmp ni kosa pale /home inapokuwa kwenye kizigeu (sehemu ya diski) kingine, kwani "kuhamisha" hugeuka kuwa kunakili, na nakala inaweza kuishia nusu. Sasa napakua ndani ya ~/.local/bin yenyewe kwa jina la muda, naita fsync ili data ifike diskini kwanza, ndipo nabadilisha jina.