Parole: kifungo kinachoendelea nje ya gereza

Tarehe 11 Agosti 2023 Jacob Zuma, rais wa zamani wa Afrika Kusini, aliripoti katika gereza la Estcourt, na siku hiyohiyo akarudi nyumbani. Aliyeisikia habari hiyo juujuu angesema kapewa parole. Sivyo. Parole alishawahi kuwa nayo, ile ya Septemba 2021 iliyotolewa kwa sababu za kiafya, na ndiyo hiyo mahakama ziliyoibatilisha kwa kuwa ilitolewa kinyume cha sheria. Julai 2023 Mahakama ya Katiba ikakataa kusikiliza rufaa, na ndiyo maana akalazimika kuripoti upya. Kilichomrudisha nyumbani mwezi Agosti ni punguzo la adhabu, ambalo Rais Cyril Ramaphosa alikuwa ameliidhinisha kwa wafungwa wa makosa yasiyo ya ukatili.

Mfungwa ni mmoja na kifungo ni kilekile cha miezi 15, lakini ametoka gerezani mara mbili kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo. Punguzo hukata kifungo chenyewe: mwaka uliopunguzwa umekwisha, haudaiwi tena. Parole haikati kitu. Mwenye kifungo cha miaka 12 akitoka kwa parole baada ya miaka minane, bado ana miaka minne ya kutumikia, ila ataitumikia nje, chini ya masharti na chini ya macho ya ofisa. Akiyavunja masharti hayo, anarudishwa kumalizia ndani. Hili ndilo jambo ambalo sisi wa elimu ya sheria hulazimika kulirudia kuliko jingine lolote, kwa sababu familia nyingi humpokea ndugu yao kama mtu aliyemaliza, na yeye mwenyewe huanza kuishi kama aliyemaliza.

Kuna mambo mengine yanayochanganywa na parole. Dhamana ni ya mtuhumiwa ambaye kesi yake haijaisha, au wa rufaa. Huyo bado hajaanza kutumikia adhabu, au utekelezaji wake umesimamishwa. Msamaha wa Rais ni huruma ya dola, na hauhitaji bodi kuridhika kwamba mtu amebadilika. Uangalizi wa probesheni hutolewa na mahakama badala ya kifungo, yaani mtu huenda asilale gerezani hata usiku mmoja. Halafu kuna lile punguzo la kawaida la mwenendo mwema, ambalo Kenya, kwa mfano, Sheria ya Magereza hulipanga kuwa theluthi moja ya kifungo kwa wafungwa wengi. Punguzo hilo huhesabiwa kwa kalenda. Parole huamuliwa na watu, kesi moja moja, na wanaweza kukataa.

Watu hao ni bodi. Tanzania ina Sheria ya Bodi za Parole tangu mwaka 1994, na sheria hiyo inawaweka nje kabisa wenye kifungo cha maisha pamoja na waliopatikana na hatia ya makosa kama unyang'anyi wa kutumia silaha, ubakaji na dawa za kulevya. Uingereza bodi yake ilianzishwa na sheria ya mwaka 1967. Canada mfungwa wa kawaida huweza kuomba parole kamili akishatumikia theluthi moja ya kifungo au miaka saba, kutegemea ipi inatangulia, lakini aliyeua kwa kukusudia na kupanga husubiri miaka 25. Tarakimu hizi zina maana moja tu: siku ambayo ombi linaweza kusikilizwa. Gazeti likiandika kwamba fulani "anaweza kupata parole mwaka ujao", halijasema kwamba atatoka mwaka ujao.

Bodi haikai kama mahakama ya pili. Hakimu aliuliza: ulifanya au hukufanya? Bodi inauliza: ukitoka kesho, utafanya nini? Swali la kwanza lina ushahidi na mashahidi. La pili linahusu siku ambazo bado hazijaja, na hapo ndipo ugumu wote ulipo. Wajumbe husoma ripoti ya magereza kuhusu mwenendo, maoni ya mwanasaikolojia, hukumu yenyewe, rekodi ya makosa ya nyuma, kozi alizosoma na ujuzi aliojifunza. Huuliza atalala wapi, nani atampokea, atakula kwa kazi gani. Nchi nyingi pia humpa mwathirika au familia yake nafasi ya kusema, kwa maandishi au ana kwa ana. Anwani ya uhakika na ndugu aliye tayari kumpokea vina uzito ambao familia nyingi hazijui. Ombi la mfungwa mwenye nidhamu linaweza kukwama kwa sababu tu hakuna aliyesema yuko tayari kukaa naye.

Watafiti wamejaribu kuliweka swali hilo la kesho katika hesabu. Mwaka 1928 Ernest Burgess wa Chuo Kikuu cha Chicago alichambua rekodi za watu 3,000 waliotoka kwa parole katika magereza matatu ya Illinois, akaorodhesha vigezo 21, kama umri, historia ya kazi na makosa ya awali, kisha akawapanga kwa alama. Mizani ya hatari, yaani ya kukadiria nani atarudia kosa, inayotumika leo kwenye kompyuta ni wajukuu wa jedwali lile. Faida yake ni kwamba haichoki wala haina upendeleo wa sura. Hasara yake ni kwamba vigezo vizito zaidi, kama umri wa kukamatwa mara ya kwanza, mfungwa hawezi kuvibadilisha hata akikaa miaka 30 na kugeuka mtu mwingine kabisa.

Na binadamu je? Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa maamuzi ya parole nchini Israeli ulioonyesha kwamba maombi yaliyokubaliwa yalikuwa takriban asilimia 65 mwanzoni mwa kikao, yakashuka hadi karibu sifuri kabla ya mapumziko, kisha yakapanda tena majaji waliporudi kutoka kula. Dunia nzima ikacheka kwamba haki inategemea tumbo la jaji. Wakosoaji walijibu upesi kwamba mpangilio wa mafaili haukuwa wa bahati nasibu, kwa kuwa wafungwa wasio na wakili walielekea kusikilizwa mwishoni, na wao hukataliwa zaidi. Mimi naona jibu hilo la wakosoaji linatisha kuliko njaa ya jaji.

Kuna mfungwa mmoja anayeitesa kila bodi: yule anayeshikilia kwamba hakutenda kosa. Bodi haina mamlaka ya kufuta hukumu, kwa hiyo lazima ianze na dhana kwamba mahakama ilikuwa sahihi. Kozi nyingi za urekebishaji humtaka mshiriki aeleze alichofanya na kwa nini. Asiyekiri hawezi kushiriki, na asiyeshiriki hana cha kuonyesha. Nchini Uingereza sheria iko wazi kwamba kukana pekee si sababu ya kumnyima mtu parole. Hata hivyo, mwaka 2020 ilipitishwa huko sheria inayoilazimu bodi kuzingatia kama muuaji amekataa kueleza mwili wa marehemu uko wapi. Ukiwa mama wa marehemu, sheria hiyo ni haki tupu. Ukiwa ulifungwa kimakosa, huna cha kueleza kwa sababu hukijui, na unaonekana mkaidi. Sijaona mfumo ambao umeitatua hali hii.

Mfumo wenyewe ulianzia mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1840 ofisa wa jeshi la majini, Alexander Maconochie, alipewa kusimamia kisiwa cha Norfolk katika bahari ya Pasifiki, ambako Uingereza ilikuwa ikiwatupa wafungwa walioshindikana. Badala ya kuhesabu siku, alihesabu alama: mfungwa alijipatia alama kwa kazi na mwenendo, akazipoteza kwa utovu, na alama zilipotosha, hali yake ililegezwa hatua kwa hatua. Wakubwa wake waliona anawadekeza wahalifu, na mwaka 1844 akaondolewa. Miaka ya 1850 Walter Crofton aliichukua fikra hiyo Ireland, akaongeza kitu ambacho Maconochie hakuwa nacho, yaani usimamizi baada ya kutoka: mtu alipewa cheti cha ruhusa, akawa anaripoti, na cheti kingeweza kunyang'anywa. Jimbo la New York likafungua gereza la Elmira mwaka 1876 kwa msingi huo, na kutoka hapo utaratibu ukaenea Marekani nzima.

Nchi hiyohiyo iliyoueneza ndiyo iliyouchoka. Jimbo la Maine liliifuta parole mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1984 ikaiondoa kwa makosa ya shirikisho yaliyotendwa kuanzia Novemba 1987. Walioipinga walitoka pande mbili zisizopatana: waliosema inawalegezea wahalifu, na waliosema inawapa wajumbe wachache uwezo wa kumshikilia mtu bila kumweleza sababu. Majimbo mengi bado yanayo.

Neno lenyewe ni la Kifaransa, na maana yake ni neno, tamko. Hapa ni neno la heshima, ahadi. Kabla halijaingia magerezani lilikuwa la vitani. Mateka aliahidi kwamba akiachiwa hatapigana tena mpaka abadilishwe na mateka wa upande wa pili, na akaenda zake. Mji wa Vicksburg ulipoanguka Julai 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Jenerali Grant wa upande wa Kaskazini aliwaachia kwa njia hiyo wanajeshi wapatao 30,000, kwa kuwa kuwasafirisha na kuwalisha kungekuwa mzigo kuliko kuwaamini. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 bado unautambua utaratibu huo, ingawa maadili ya jeshi la Marekani tangu mwaka 1955 yanamkataza askari kukubali parole ya adui.

Kwa nini ahadi ya mfungwa ihesabiwe kuwa ahadi? Swali hilo Nelson Mandela alilijibu mwaka 1985, Rais P. W. Botha alipotangaza kwamba angemwachia kama angeachana na matumizi ya nguvu katika siasa. Jibu lake, lililosomwa na binti yake Zindzi katika uwanja wa Jabulani, Soweto, lilikuwa kwamba mfungwa hawezi kuingia mkataba, ni mtu huru tu anayeweza kujadiliana. Ile haikuwa parole ya bodi, bali ilikuwa parole kwa maana ya zamani kabisa. Akaikataa, akakaa miaka mitano zaidi.

Leo neno hilo lina maana nyingine tofauti tofauti, na msomaji wa habari za nje akizijua hatapotea. Nchini India, "parole" kwa kawaida ni likizo fupi: mfungwa hutoka kwenda kuzika, kuuguza au kuhudhuria ndoa, kisha hurudi gerezani. Katika sheria ya uhamiaji ya Marekani ni ruhusa ya kuingia nchini kwa muda bila viza, na haina uhusiano wowote na jela. Wahangaria waliokimbia mwaka 1956 waliingia kwa njia hiyo. Ukiambiwa mhamiaji fulani "yuko kwa parole", usidhani alikuwa mfungwa. Wanaisimu nao wana parole yao, usemaji wa mtu mmoja mmoja dhidi ya mfumo wa lugha, lakini hao tuwaache na Ferdinand de Saussure wao.

Turudi kwa mtu aliyetoka. Masharti yake hutofautiana, lakini mengi hufanana: kuripoti kwa ofisa, kukaa kwenye anwani iliyokubaliwa, kutosafiri bila ruhusa, kutomkaribia mwathirika, kutotenda kosa jingine. Mengine hushonwa kwa kipimo cha mtu. Oscar Pistorius, mwanariadha wa Afrika Kusini aliyemuua mpenzi wake Reeva Steenkamp mwaka 2013, alitoka kwa parole tarehe 5 Januari 2024 na kifungo chake kinaendelea hadi Desemba 2029. Miongoni mwa masharti yake ni kutotumia pombe, kuhudhuria tiba ya hasira, kuwa nyumbani saa zilizopangwa na kutozungumza na vyombo vya habari.

Kurudishwa ndani hakuhitaji kosa jipya la jinai. Kukosa kuripoti au kuhama nyumba bila kumjulisha ofisa kunaweza kutosha, na hapa ndipo wengi huanguka, si kwa ubaya bali kwa kupuuza karatasi. Lakini kurudishwa nako kuna taratibu zake. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1972, katika kesi ya Morrissey dhidi ya Brewer, kwamba uhuru wa aliye kwenye parole, hata kama una masharti, ni uhuru, na hawezi kunyang'anywa bila kuelezwa anatuhumiwa nini na kupewa nafasi ya kujitetea. Kwa hiyo ndugu yako akikamatwa kwa kuvunja masharti, ombeni tuhuma kwa maandishi, na mtafute wakili au msaada wa kisheria kabla ya kikao, si baada ya kikao.

Parole huisha lini? Kwa kifungo chenye mwisho, huisha siku kifungo kinapoisha. Kwa kifungo cha maisha, hutegemea nchi. Janusz Waluś, Mpoland aliyefungwa maisha kwa kumuua Chris Hani, kiongozi wa Chama cha Kikomunisti cha Afrika Kusini, mwaka 1993, aliachiwa kwa amri ya Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo mwishoni mwa mwaka 2022, kwa parole ya miaka miwili; parole yake ilipokwisha Desemba 2024 akarudishwa Poland, kwa sababu hakukuwa tena na sharti la kumzuia kuondoka. Aliyehukumiwa kifungo cha maisha nchini Uingereza hana tarehe hiyo. Hata akiwa amekaa nje miaka 20 bila tatizo, na hata ofisa akiacha kumtembelea, leseni yake, yaani hati ya kuwa nje kwa masharti, inabaki hai mpaka afe, na anaweza kuitwa arudi.