Mazingira ya eneokazi na kidhibiti cha madirisha katika Linux: maana yake na namna ya kuchagua

Mtu aliyezoea Windows au macOS huichukulia sura ya kompyuta kuwa ndiyo kompyuta yenyewe: menyu iko pale ilipo, upau uko chini au juu, na vitufe vya dirisha viko kona ile ile tangu siku ya kwanza. Akihamia Linux, kinachomtatanisha mapema ni kuambiwa achague. Kabla hajapakua chochote anakutana na majina kama GNOME, KDE Plasma, Xfce, i3 na Openbox yakiwa yamepangwa kana kwamba ni vitu vya aina moja, ilhali matatu ya kwanza ni mazingira kamili ya eneokazi (desktop) na mawili ya mwisho ni vidhibiti vya madirisha tu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mtu atashughulika na nini siku ya kwanza baada ya kusakinisha, kwa hiyo yafaa ieleweke kabla ya kuanza kulinganisha picha za skrini.

Linux, kwa maana yake halisi, ni kerneli, yaani ile sehemu ya ndani inayogawa kumbukumbu, kuendesha diski na kuzungumza na vifaa. Yenyewe haina dirisha wala kielekezi cha kipanya, na seva nyingi huendeshwa miaka nenda miaka rudi bila kuonyesha chochote zaidi ya herufi. Ili picha zionekane huhitajika tabaka jingine, na kwa miongo mingi tabaka hilo limekuwa X, mfumo ulioanza kuundwa katika chuo cha MIT mwaka 1984, ambao toleo lake la 11 la mwaka 1987 ndilo lililoupa jina la X11 linalotumika hadi leo. Waliouunda waliamua kwa makusudi kwamba X itoe nyenzo za kuchora lakini isijiingize katika kuamua mambo yaonekane vipi. Ukiiwasha X peke yake kisha ukafungua terminali, yaani programu ya kuandikia amri, terminali hiyo hutokea kama mstatili mtupu: haina fremu, haina upau wa kichwa, haina kitufe cha kuifunga, na hakuna namna ya kuisogeza kwa kipanya. Ukifungua programu ya pili, huenda ikaikalia ya kwanza, na huna la kufanya.

Kidhibiti cha madirisha ni programu inayokuja kuamua yale ambayo X ilikataa kuyaamua: dirisha jipya litokee wapi, lipi liwe juu ya lipi, lipi lipokee unachoandika kwenye kibodi, na nini kifanyike unapoburuta ukingo wa dirisha au kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Kazi yake inaishia hapo. Haijui saa ni ngapi, haijui betri imebaki kiasi gani, na haihusiki kabisa na faili zako.

Mazingira ya eneokazi ni kidhibiti hicho pamoja na wenzake wote waliofunzwa kufanya kazi kwa pamoja. Ndani ya KDE Plasma kuna kidhibiti kiitwacho KWin, ndani ya GNOME kuna Mutter, ndani ya Xfce kuna Xfwm. Watumiaji wengi hawajawahi kuyasikia majina hayo kwa sababu hawana haja nayo. Pembeni yake kuna upau na menyu, programu ya kupitia faili, dirisha la mipangilio, mtoa arifa, mfunga skrini, mtunza nywila, na programu ndogo inayojitokeza kukuuliza nenosiri la msimamizi kila unapotaka kubadilisha jambo la mfumo mzima. Vyote hivyo huvaa sura moja na kufuata mazoea mamoja. Hicho ndicho kilichomsukuma Matthias Ettrich kutangaza mradi wa KDE mwezi Oktoba 1996: programu za wakati huo kila moja ilikuwa na vitufe vyake, rangi zake na namna yake ya kunakili maandishi, na mtumiaji wa kawaida alilazimika kujifunza upya kila alipofungua programu nyingine. Mwaka uliofuata Miguel de Icaza na Federico Mena walianzisha GNOME, si kwa sababu KDE ilikuwa mbaya, bali kwa sababu Qt, maktaba ya nyenzo za kuchorea vitufe na menyu ambayo KDE ilijengwa juu yake, haikuwa na leseni huria wakati huo. Ugomvi wa leseni ulikwisha zamani, lakini alama yake imebaki: mpaka sasa programu za Linux zimegawanyika katika familia mbili, za Qt na za GTK, maktaba ambayo GNOME ilijengwa juu yake, na programu ya familia moja ikiwekwa katika mazingira ya nyingine hufanya kazi vizuri ila huonekana kama mgeni aliyekosea sare.

Ili tofauti ya dhana hizi mbili isibaki katika maneno, tuchukue i3, kidhibiti cha madirisha kilichoanzishwa na Michael Stapelberg mwaka 2009. Unapoingia mara ya kwanza huulizwa mambo mawili tu: kama ikuandikie faili ya mipangilio, na kama kitufe chako kikuu kiwe Alt au kile chenye nembo ya Windows. Baada ya hapo unabaki na skrini tupu yenye ukanda mwembamba chini. Hakuna ikoni wala menyu. Ukibonyeza kitufe kikuu pamoja na Enter, terminali inafunguka na kujaza skrini yote. Ukirudia, terminali mbili zinagawana skrini nusu kwa nusu. Ukirudia tena, zinakuwa safu tatu zinazolingana. Hakuna dirisha linalofunikwa na jingine, na hukugusa kipanya hata mara moja. Ukibonyeza kitufe kikuu na namba 2, unahamia eneo jingine la kazi lililo wazi, na yale madirisha matatu yanakungoja pale ulipoyaacha. Mtindo huu huitwa wa vigae, kwa kuwa madirisha hupangwa ubavu kwa ubavu kama vigae vya sakafu, na ndio unaowafanya watu wanaoandika programu au kusoma nyaraka mbili kwa wakati mmoja wakatae kurudi nyuma. Mtindo wa kawaida, ambao madirisha hulaliana kama karatasi juu ya meza, ndio wa Openbox, Fluxbox na IceWM.

Sasa chomeka flashi kwenye kompyuta hiyo hiyo yenye i3. Hakitokei kitu. Kerneli imeiona, lakini hakuna aliyepewa kazi ya kuifungua na kukuonyesha faili zake. Unganisha projekta: nayo inabaki nyeusi mpaka uandike amri ya kuiwasha, au usakinishe programu ya kukusaidia. Bonyeza kitufe cha mwanga wa skrini, na huenda kisijibu mpaka ukiunganishe na amri fulani katika faili ya mipangilio. Mimi mwenyewe, katika juma langu la kwanza na kidhibiti kitupu, nilikuwa katikati ya kuandika laptopu ilipozimika ghafla. Betri ilikuwa imekwisha, na sikuonywa kwa kuwa nilikuwa sijaweka programu ya kuonya. Hakuna kilichoharibika hapo wala kilichokosewa. Anayechagua kidhibiti peke yake ameajiri mfanyakazi mmoja hodari, na wengine wote ni juu yake kuwatafuta. Wapo wanaoifurahia kazi hiyo, kwa sababu mwishowe hupata kompyuta isiyo na kitu hata kimoja wasichokitaka, na faili moja ya maandishi wanayoweza kuinakili na kuihamishia kwenye mashine nyingine. Wapo pia wanaogundua baada ya miezi miwili kwamba wamejenga, kipande kwa kipande, Xfce isiyo imara kama Xfce yenyewe.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza si lipi ni zuri kuliko jingine, bali ni nani atakayefanya kazi hizo ndogo ndogo. Asiyetaka kuzifanya achukue mazingira kamili, naye hatakuwa amepungukiwa na lolote. Hilo ni la lazima zaidi kwa mtu anayehitaji kisoma skrini au ukuzaji wa maandishi: GNOME huja na kisoma skrini kiitwacho Orca na mipangilio ya ufikivu ikiwa tayari mahali pamoja, wakati katika kidhibiti kitupu msaada huo hupaswa kuunganishwa kwa mkono, na mtu asiyeona skrini hawezi kuanza kwa kuhariri faili asiyoweza kuisoma.

Kati ya mazingira yenyewe, mjadala mrefu huwa baina ya GNOME na KDE Plasma, nayo kwa kweli yanatofautiana katika falsafa kuliko katika uwezo. GNOME, tangu toleo lake la 3 la mwaka 2011, lina rai yake juu ya namna ya kufanya kazi. Hakuna upau wa kudumu wa programu zilizo wazi. Unabonyeza kitufe chenye nembo ya Windows, madirisha yote yanajitandaza, unachagua au unaanza kuandika jina la programu. Dirisha lina kitufe cha kufunga tu. Vile vya kupunguza na kukuza havionekani mpaka uviombe. Anayekubali kwenda na mwendo huo hupata eneokazi tulivu lisilomkatiza. Asiyekubali huanza kuongeza viendelezi, yaani programu ndogo za kubadilisha eneokazi, ili lifanane na alichozoea, na toleo jipya likitoka hukuta baadhi ya viendelezi hivyo havifanyi kazi. Ushauri wangu kwa mtu wa namna hiyo ni asipigane na GNOME, aende Plasma. Huko karibu kila kitu kina swichi yake: upau unaweza kukaa upande wowote, kila njia ya mkato inabadilika, na unaweza kuliamuru dirisha la programu fulani lifunguke daima katika eneo fulani kwa ukubwa fulani. Gharama yake ni kwamba dirisha la mipangilio ni msitu, na mwenye tabia ya kuchokonoa anaweza kumaliza jioni nzima akibadilisha vivuli vya madirisha badala ya kufanya kazi iliyomkalisha.

Mabadiliko ya mwaka 2011 yaliwaudhi watu kiasi cha kuzaa mazingira mengine mawili. MATE liliendeleza GNOME 2 kama lilivyokuwa, na Cinnamon, lililotoka kwa watengenezaji wa mfumo wa Linux Mint, lilichukua nyenzo mpya na kuzirudishia sura ya zamani yenye menyu chini kushoto. Cinnamon ndilo ninalomwekea mtu anayetoka Windows ambaye hataki kusikia habari yoyote ya haya tunayoyajadili. Xfce, lililoanzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996, hubadilika polepole sana, na kwa wanaolipenda hiyo ndiyo sifa yake kuu. LXQt ni jepesi zaidi.

Juu ya uzito kuna dhana inayofaa kurekebishwa. Ni kweli kwamba baada ya kuwasha kompyuta, LXQt au i3 hutumia kumbukumbu ndogo kuliko GNOME. Lakini tofauti hiyo ni ya megabaiti mia kadhaa, na programu ya kuvinjari intaneti huimeza mara tu unapofungua vichupo vichache. Kwenye mashine yenye gigabaiti 2 za kumbukumbu tofauti hiyo ni ya kufa na kupona. Kwenye yenye gigabaiti 8 si sababu ya kujinyima eneokazi unalolipenda. Plasma bado lina sifa ya uzito iliyoachwa na matoleo ya kale, ingawa tangu Plasma 5 limepunguzwa sana. Katika kompyuta kuukuu kinachochosha zaidi mara nyingi ni diski ya kuzunguka na kadi dhaifu ya picha inayolazimishwa kuchora vivuli na mififisho, na vitu hivyo vinaweza kuzimwa.

Jambo jingine la kuangalia ni kwamba X inaondoka jukwaani. Mrithi wake, Wayland, alianzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, na Plasma 6 iliyotoka Februari 2024 huutumia kama chaguo la kawaida. Katika X kidhibiti cha madirisha kilikuwa programu ya kando ambayo ungeweza kuiondoa na kuweka nyingine huku madirisha yakiendelea kufanya kazi. Katika Wayland kidhibiti na mchoraji wa skrini ni programu moja, kwa hiyo ikianguka huweza kuanguka na kikao kizima, yaani kila ulichokuwa umefungua. Faida yake ni usalama: programu haiwezi tena kusikiliza unachoandika katika dirisha la programu nyingine, jambo ambalo X iliruhusu bila kuuliza. Kwa anayechagua leo maana yake ni hii: i3 ni ya X tu, na anayeupenda mwendo wake ndani ya Wayland hutumia Sway, ambayo husoma faili ile ile ya mipangilio kwa mabadiliko machache. Xfce limeanza tu majaribio ya Wayland katika toleo 4.20 la Desemba 2024.

Uchaguzi wenyewe haumfungi mtu. Mazingira mawili au matatu yanaweza kukaa katika kompyuta moja, na kwenye skrini ya kuingia, kabla ya kuandika nywila, kuna alama ndogo, aghalabu gurudumu la meno, inayoorodhesha vikao vilivyopo. Usumbufu hutokea baadaye: menyu inajaa programu mbili za kupitia faili, tatu za kusoma picha, na mandhari ya eneokazi moja yanaanza kuingilia rangi na ikoni za jingine kwa sababu yote yanaandika mipangilio yao katika saraka zile zile za nyumbani. Dawa ni kufungua akaunti ya pili ya mtumiaji kwa ajili ya majaribio, kuingia humo na eneokazi jipya, kufanya nalo kazi halisi kwa juma moja, kisha kuifuta akaunti hiyo pamoja na saraka yake iwapo hukuridhika.