Mpelelezi mnyonya damu: nani kamwiga nani?

Baridi ya Juni hapa Mbeya haina adabu. Saa moja usiku watu wote mko sebuleni mmejifunika mablanketi, na burudani ni flashi iliyojazwa tamthilia. Juzi mdogo wangu alirudi kutoka Mwanjelwa na Moonlight, sizoni nzima, episodi 16. Ya pili haijafika katikati, keshatoa hukumu: "Kaka, hii ni ile tamthilia ya zamani, Angel, wamebadilisha jina tu." Sebule nzima ikamuunga mkono, isipokuwa mimi.

Dhana: Moonlight imeiibia Angel

Kufanana zinafanana, nani abishe? Kote kuna mnyonya damu anayefanya upelelezi binafsi Los Angeles, anajutia aliyoyatenda zamani, na moyo wake uko kwa binadamu. Angel ilirushwa 1999 hadi 2004, Moonlight ikaja Septemba 2007. Tena David Greenwalt, mmoja wa wawili walioibuni Angel, ndiye aliyepewa kuisimamia Moonlight mwanzoni, akajitoa kabla haijaanza kuonyeshwa. Kwa hiyo mdogo wangu pua yake ni nzima. Alipoteleza ni kudhani mto unaanzia kwenye Angel.

Mwaka 1992 kituo cha CBS, hichohicho kilichokuja kuirusha Moonlight, kilianza kuonyesha Forever Knight. Mnyonya damu wake ni polisi mpelelezi wa Toronto, ana umri wa karibu miaka 800, anaomba zamu za usiku na anatafuta namna ya kuurudia ubinadamu. Nayo ilizaliwa na filamu ya televisheni ya 1989. Halafu 2007 hiyohiyo Kanada wakatoa Blood Ties, nayo ya upelelezi na mnyonya damu, kutoka riwaya za Tanya Huff zilizoanza kuchapishwa 1991. Anayetaka kufungua kesi ya wizi basi aushitaki ukoo mzima.

Dhana: upelelezi umebandikwa tu juu ya hadithi ya kutisha

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu wanaoisema wanaijua Dracula ya kwenye sinema tu. Katika kitabu cha Bram Stoker cha 1897, Mina Harker anakusanya shajara na barua za kila mtu, anazipiga taipu na kuzipanga kwa tarehe hadi picha nzima inajitokeza. Mumewe Jonathan anazunguka London akifuatilia masanduku 50 ya udongo: yalishushwa wapi, yalibebwa na nani, yakapelekwa nyumba ipi. Anawahoji wapagazi, nao wanalalamikia vumbi na kiu mpaka watoe siri wakiwa wamepewa kitu kidogo. Ukiwajua vijana wa kushusha mizigo pale Kabwe, ukurasa huo utakuchekesha. Sasa kama hiyo si kazi ya mpelelezi, ni kazi ya nani?

Dhana: mnyonya damu akipigwa na jua lazima aungue

Si lazima. Dracula wa kitabuni anaonekana mchana kweupe Piccadilly. Kifo cha jua kilikuja na filamu ya Kijerumani, Nosferatu, 1922. Mick wa Moonlight jua humdhoofisha, na hulala ndani ya friza. Mdogo wangu alicheka sana: huyo angehamia kwenye baridi ya Kitulo, asingelipa hata umeme.

Kasoro ya Moonlight naiona kwingine. Kesi za kila wiki ni za kawaida mno, muuaji unamjua kabla chai haijapoa. Kilicho chake chenyewe ni ndoa ya Mick. Mick aling'atwa na bibi harusi wake usiku wa harusi, na mwanamke anayempenda sasa ndiye yule mtoto ambaye Mick alimwokoa zamani mikononi mwa mke huyohuyo. Hapo kuna kitu kinachokera na kuvuta kwa pamoja, ila waandishi walikigusa kwa vidole viwili. Mei 2008 ikafutwa.

Dhana: wanyonya damu ni mambo ya Wazungu

Bibi yangu angekushangaa. Kwake alikuwepo mumiani, na tuliambiwa tusichelewe barabarani. Mwanahistoria Luise White aliuandikia kitabu kizima, mwaka 2000, uvumi wa aina hii Afrika Mashariki na Kati enzi za ukoloni, ambamo hata wazima moto walituhumiwa kukamata watu na kuwatoa damu. Ni uvumi, na uvumi wa namna hiyo umewahi kuwaponza wasio na hatia. Lakini tazama tofauti: mumiani hana meno marefu wala mapenzi ya miaka 400. Ni mwajiriwa. Ana gari, ana bosi, damu anaipeleka mahali. Mpelelezi wa kumfuatilia huyo, kuanzia risiti ya mafuta hadi kwa tajiri wake, sijamwona kwenye televisheni yoyote.

Tulipofika episodi ya tatu umeme ukakatika. Mdogo wangu akakaa kimya kidogo, kisha akaniomba nimsindikize chooni, nyuma ya nyumba. Sidhani kama aliyekuwa akimwogopa ni Mick.