Kirusi cha sokwe begani? Mliyoniuliza kuhusu adenovirusi

Haya ni maswali niliyoulizwa kwenye benchi la kliniki hapa Kisumu, mengi yake baada ya mzee mmoja kuja na la kwanza.

Swali: Sista, mwaka 2021 nilidungwa AstraZeneca, ile chanjo ya korona. Juzi kijana wangu ananiambia ndani yake mlikuwa na kirusi cha sokwe. Kweli?

Kweli, mzee, ila kijana hakukumalizia hadithi. Kirusi hicho ni adenovirusi, wa ukoo unaoleta mafua, koo kuwasha, macho mekundu na kuhara kwa watoto. Ukoo huu uligunduliwa Marekani mwaka 1953 katika adenoidi, vile vinyama vya nyuma ya pua, na jina likatoka hapo. Wengi wetu tuliupata tungali wadogo, mama akasema ni homa tu itapita, ikapita.

Swali: Lakini kwa nini sokwe? Binadamu hawana vyao?

Wanavyo, zaidi ya aina 50. Watafiti waliizoea aina ya 5, ila Afrika watu wengi tayari wana kingamwili dhidi yake. Kwenye chanjo kirusi ni mbebaji tu: fikiria boda boda anayeleta mzigo kwenye ploti yenye soja, na soja ndiye kinga ya mwili. Soja akikumbuka kwamba huyu ndiye aliyezua fujo mwaka jana, hamfungulii geti, na mzigo unarudi ulikotoka. Kirusi cha sokwe ni sura ngeni, kwa hiyo kinapita. Johnson & Johnson walichukua njia nyingine: aina ya 26, ya binadamu, lakini isiyoenea kama ile ya 5.

Swali: Na kikishapita, si kitazaana mwilini?

Hakiwezi. Jeni yake iitwayo E1 imekatwa, na bila hiyo hakijinakili. Kiwandani hukuzwa ndani ya seli zilizotiwa E1, kwa hiyo kinaazima kwao. Kikitoka humo hakina wa kumkopa. Ndani yake huwekwa maagizo ya kutengeneza ile miiba ya virusi vya korona. Kinaingia kwenye seli, kinashusha maagizo katika kiini, seli inatengeneza miiba na kinga ya mwili inaikariri. DNA yake hubaki kando ya kromosomu zako, haijishonei humo kama VVU inavyofanya.

Tena chanjo hiyo ilikaa kwenye friji ya kawaida, nyuzi 2 hadi 8. Kwa zahanati zetu za huku, mimi nasema hilo lilikuwa na maana kuliko sayansi yote niliyoeleza hapo juu.

Swali: Na habari za damu kuganda?

Zilikuwa za kweli, sifichi. Kwa watu wachache sana mwili ulitengeneza kingamwili zilizoshika protini ya damu iitwayo PF4. Damu ikaganda pasipotakiwa, mara nyingi kichwani. Hayo yalijitokeza katika wiki chache za mwanzo baada ya sindano. Wewe uliyedungwa 2021, lala usingizi.

Swali: Chanjo ya malaria, iliyoanza Homa Bay mwaka 2019, nayo ni adenovirusi?

Hapana. Ile ni protini, haina adenovirusi.

Swali: Mjukuu wangu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Nasikia virusi hivi hubeba jeni za kutibu. Tungoje?

Mama, natamani ningekuwa na jibu tamu zaidi. Adenovirusi ilijaribiwa mapema katika tiba ya jeni. Septemba 1999 kijana Mmarekani wa miaka 18, Jesse Gelsinger, aliyekuwa na ugonjwa wa ini wa kurithi, alipewa aina ya 5 kwa wingi kupitia mshipa wa ini. Kinga yake ililipuka, naye akafariki siku ya nne. Chanjo inataka soja aamke apige filimbi. Tiba ya jeni inamtaka alale fofofo, na adenovirusi haijui kunyata.

Selimundu ina shida yake ya ziada. Damu hutengenezwa upya kila siku kwenye uboho. Seli zikigawanyika, jeni iliyoachwa kando ya kromosomu hupotea njiani. Ndiyo maana tiba mbili za jeni zilizoidhinishwa Marekani Desemba 2023 hazitumii adenovirusi: moja hutumia kirusi cha jamii ya VVU kilichoondolewa makali, nyingine huhariri DNA yenyewe. Kila moja inazidi dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja. Adenovirusi wamepata kazi kwenye saratani: mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya saratani ya kibofu ambayo humiminwa mle mle kibofuni.

Kwa hiyo usingoje, mama. Muulize daktari wake kuhusu dawa ya haidroksiyurea, mjukuu alale ndani ya neti, na asikose tarehe za kliniki hata akiwa anacheza vizuri.

Swali: Mtoto wangu ana macho mekundu tangu juzi. Kuna chanjo?

Ya raia hakuna. Wanajeshi wa Marekani ndio humeza vidonge vya kinga dhidi ya aina ya 4 na ya 7. Sanitaiza usiitegemee sana, kwa sababu kirusi hiki hakina utando wa mafuta wa kuyeyushwa na spiriti. Mnawishe kwa sabuni na maji yanayotiririka, na taulo yake asiiguse mwingine. Akilalamika kwamba haoni vizuri au mwanga unamchoma, mlete leo hii.