Relingi na Ngazi za Kisasa: Maneno ya Dukani na Ukweli Wake

Anayejenga ghorofa Dar es Salaam humsumbua injinia kwa nondo na zege. Ikifika zamu ya ngazi na relingi, anatoa simu: picha hii hapa, nataka kama hii, mita shilingi ngapi? Muuzaji naye ana majibu yake tayari, na mengi ni nusu ya ukweli.

"Stenlesi haishiki kutu."

Hili ndilo linalowatia watu hasara kubwa zaidi. Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, na kromiamu hiyo ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba usioonekana, ndio unaozuia kutu. Adui wa utando huo ni chumvi. Sasa fikiria Msasani, Kunduchi au Kigamboni, ambako kusi na kaskazi hupokezana kuleta chumvi ya bahari hadi sebuleni. Relingi iliyong'aa siku ya kuhamia huanza kutoa madoa ya rangi ya chai, na mwenye nyumba anaapa kwamba ametapeliwa.

Huenda hakutapeliwa, ila hakuuliza daraja, yaani namba inayotaja aina ya stenlesi. Ile ya 201 ina nikeli kidogo, imeongezewa manganizi, na ndiyo ya bei nafuu. Ya 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8. Ya 316 imeongezewa molibdenamu asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayostahimili chumvi. Zikishasuguliwa, zote tatu zinang'aa sawasawa. Usihangaike na sumaku: itakufichulia chuma cha kawaida kilichopakwa kromu, lakini 201 na 304 haizitenganishi. Taka daraja liandikwe kwenye ankara, pamoja na cheti cha kiwandani. Karibu na bahari mimi ningelipia 316 bila kubishana. Kwa nyumba ya Kimara, mbali na ufukwe, 304 inatosha.

Hata 316 inataka kuoshwa kwa maji yasiyo ya chumvi na sabuni. Na hapa watu hushangaa: sehemu zilizo chini ya paa ndizo huchafuka zaidi, kwa sababu mvua haizifikii kusafisha chumvi. Dawa za klorini za kung'arishia nguo ziweke mbali. Sponji ya chuma nayo huacha chembe zinazoota kutu juu ya stenlesi nzima. Fundi anayetumia diski ileile aliyosagia chuma cha kawaida anafanya kosa hilohilo, tena mbele ya macho yako. Baada ya kuchomelea, ile rangi ya bluu na zambarau kwenye maungio lazima iondolewe. Hapo utando umeharibika.

"Chuma cha kawaida ni cha asiye na hela."

Si kweli. Kikichomelewa kwanza, kikachovywa kwenye zinki ya moto, kisha kikapakwa rangi, kinaweza kuishinda 201 pale ufukweni. Ukichovya kwanza ndipo uchomelee, zinki inaungua kwenye maungio, na kutu inaanzia hapohapo.

"Kioo ni hatari kwa watoto."

Inategemea kioo gani. Kioo cha tempa, yaani kilichoimarishwa kwa joto kiwandani, kina nguvu mara nne hadi tano ya kioo cha kawaida cha unene huohuo, na kikivunjika hutoa chembe ndogo badala ya visu. Tatizo ni kwamba kikishavunjika, pale palipokuwa na kizuizi panabaki wazi. Kwa hiyo roshani ya ghorofani inahitaji kioo cha lamineti, vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki katikati: kinapasuka lakini kinabaki mahali pake. Kipimo rahisi cha ukweli: tempa haikatwi wala haitobolewi ikishatengenezwa. Fundi akisema "nitakuja kukitoboa hapahapa saiti", hajaleta tempa.

Mimi vioo vinanitia wasiwasi kidogo kuliko fito za kulala, zile zinazopendwa sana siku hizi. Mtoto wa miaka mitatu anazipanda bila kufundishwa. Fito zisimame, na nafasi kati yake isizidi sentimita 10. Ndicho kipimo wanachotumia Uingereza, ambako kizuizi cha ngazi ya nyumbani hufika angalau sentimita 90 na cha roshani sentimita 110.

"Ngazi ya mzunguko inaokoa nafasi."

Ya sakafuni, ndiyo. Halafu siku ya kupandisha kitanda na kabati, vijana wanavipitisha kwa kamba nje ya roshani. Kwa duka lenye ghorofa, ambako mteja anashuka na mizigo mikononi, mimi nisingeiweka kabisa.

"Relingi inaweza kupimwa mapema, kuokoa muda."

Subiri marumaru. Msanifu Mfaransa François Blondel, katika karne ya 17, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: kimo cha vipandio viwili kikijumlishwa na upana wa pa kukanyagia pa kimoja, jumla iwe karibu sentimita 60 hadi 64. Vipandio vya zege vinaweza kutoka sawa kabisa, kisha sakafu za chini na juu zikaongezewa sentimita 5 za plasta na marumaru wakati ngazi imeongezewa 2 tu. Hapo kipandio cha chini kinafupika kwa sentimita 3 na cha juu kinarefuka kwa hizohizo, na mguu hujikwaa pale ulipotegemea usawa. Fundi wa zege apewe unene wa marumaru kabla ya kupiga mbao za ngazi. Wa relingi aje kupima baada ya marumaru kukauka.